Mwambie asiliwashe kabla hujafika

Juzi usiku, tulipomaliza kuandika ripoti ya zamu, mwenzangu mmoja wodini alinisogezea simu yake. Picha sita za gari jeupe, limeoshwa linameta, na chini yake maneno ya dalali: namba D (herufi za usajili zinaanza na D), kilomita 78,000, AC baridi, halina kipengele, weka mafuta uondoke. "Dada, tumeshaelewana bei. Jumamosi natuma advansi." Nilimwomba asitume hata elfu kumi kabla sijazungumza naye. Tulikaa kwenye benchi la nje mpaka kukapambazuka, na mengi niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza.

Mimi ni mkunga. Naishi Chanika, kazi yangu iko mjini, na ziko zamu zinazoisha usiku wakati ambapo kusubiri daladala kituoni peke yako si jambo la kumshauri mwanamke yeyote. Ndiyo maana suala la gari nalichukulia kwa uzito. Likinizimikia njiani saa tano usiku, hiyo ni hatari kweli.

Mwaka 2019 nilinunua gari langu la kwanza kwa fedha za kikoba na mkopo wa SACCOS. Aina yake siitaji, kwani kosa halikuwa la kiwanda. Nililiona saa kumi jioni. Lilikuwa limeoshwa hadi injini, linaunguruma taratibu, saa ya kilomita inasoma 96,000. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno matamu, alinifungulia mlango, akaniwashia AC. Nikatazama rangi, nikatazama viti, nikalizungusha mtaani dakika tano, nikalipa. Wiki ya tatu, nikipandisha Kimara kurudi Mbezi nilikokuwa nakaa wakati huo, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho na mvuke ukatoka chini ya boneti. Fundi alipofungua akakuta themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, imeng'olewa, rejeta imejaa kutu na dawa ya kuzibia matundu, gasketi ya silenda hedi, ile inayozuia maji na oili visikutane ndani ya injini, imekufa. Tulitengeneza, likachemsha tena. Tukatengeneza tena. Baada ya miezi mitano nikaliuza kwa watu wa chuma chakavu. Mkopo wake niliendelea kuulipa mpaka mwaka 2022.

Kilichoniuma zaidi nilikiona siku ya kuliuza. Kwenye ukingo wa mlango wa dereva, sehemu ambayo mlango ukifungwa haionekani, palikuwa na kijikaratasi cha gereji ya Japani cha kubadilisha oili. Maandishi yake sikuyajua, lakini tarakimu ni tarakimu: 22 kwenye nafasi ya mwaka, na 118,600 kwenye nafasi ya kilomita. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba Wajapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo mwaka wa 22 ni 2010. Yaani miaka tisa kabla sijalinunua gari lile lilikuwa limeshapita kilomita 118,000, na mimi nimeuziwa lina 96,000. Mtu alizirudisha nyuma. Vijikaratasi hivyo hubandikwa pia chini ya boneti, hasa mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mizunguko ya vyuma vya ndani ya injini, unapobadilishwa. Vitafute. Mwenye kurudisha kilomita hukumbuka dashibodi na kusahau ukingo wa mlango.

Hata bila karatasi ile, hesabu ya darasa la nne ingeniokoa. Gari la mwaka 2003, mimi nanunua 2019: miaka 16. Kilomita 96,000 ukigawa kwa 16 ni 6,000 kwa mwaka, kama kilomita 16 kwa siku. Na muuzaji mwenyewe alikuwa ameniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba anakaa Kibaha na duka lake liko Kariakoo. Kwenda peke yake ni kama kilomita 40.

Siku hizi kilomita nyingi hazinitishi. Kinachonitisha ni gari lisilo na historia. Wodini kwetu, mama anapofika na uchungu, kabla sijagusa kitu naomba kadi yake ya kliniki. Mama mwenye kadi iliyojaa, wingi wa damu umepimwa, presha imeandikwa kila hudhurio, najua naanzia wapi hata kama ana matatizo. Asiye na kadi namhesabu kuwa na kila hatari mpaka nithibitishe vinginevyo. Gari lenye umri mkubwa nalo liko hivyo hivyo.

Gari ninaloendesha sasa ni Toyota IST ya mwaka 2004, namba C, na nililinunua mwaka 2022 likiwa na kilomita 243,000. Wenzangu walinicheka. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa Gongo la Mboto, aliyelileta mwenyewe kutoka Japani mwaka 2012 na bado ana karatasi za kuingiza zikionyesha lilitoka huko na kilomita 71,000. Tangu siku hiyo alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 96, ameandika kila oili, kila plagi, kila breki padi, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa mtu aliyefanya kazi ya stoo maisha yake yote. Nikapiga hesabu: kilomita 172,000 kwa miaka kumi, kama 47 kwa siku. Mtu wa Gongo la Mboto aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kwenda Morogoro kwa wazazi mara moja moja. Inaingia akilini kabisa.

Nilimpigia siku moja kabla. "Shikamoo baba. Kesho nitafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na fundi wangu. Naomba gari usiliwashe kabla hatujafika." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Halitawashwa."

Ukishindwa mengine yote, hili moja lishike. Injini ya zamani iliyopata moto huficha maradhi. Oili imekuwa nyepesi imefika kila mahali, vyuma vimetanuka vimekaa sawa, moshi wa kwanza umeshapeperuka. Ugonjwa unauona wakati wa kuamka. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti, kisha ifunguliwe ushike hosi paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ya moto, mwenye gari ameliamsha kabla yako, na alikuwa na sababu. Mimi huaga kwa heshima nikaondoka. Niliwahi kuondoka hivyo mara mbili kabla ya kulipata hili, mara moja Tegeta na mara moja Sinza, na huko Sinza dalali alinikasirikia kweli kweli.

Injini ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ikiwa ya moto usithubutu. Nimewahi kuwaona watu waliobabuka uso. Maji yawe na rangi ya kuleni, yaani maji maalumu ya kupozea injini, kijani au nyekundu, safi. Huku kwetu wengi hujazia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi hiyo hula rejeta na njia za maji za injini taratibu, miaka. Ukikuta maji ya kahawia kama chai ya mkandaa, au mafuta yanaelea juu, funga. Halafu kifuniko cha oili: kigeuze utazame ndani. Kikiwa na utando mzito mweupe wa kahawia, kama tui la nazi lililomwagikiwa kahawa, maji na oili vimeanza kukutana, na hapo kuna uwezekano mkubwa gasketi imekufa. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi si kosa, gari linatembea. Oili iliyo chini kabisa ya alama ya chini ndiyo yenye maana: ama linavuja, ama linakula, ama mwenyewe hajali, na yote matatu yatakuwa mzigo wako. Injini ya 1ZZ-FE iliyotengenezwa kabla ya 2005, iliyomo kwenye magari mengi yenye injini ya cc 1,800, inajulikana dunia nzima kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Ukikutana nayo, muulize mwenyewe huongeza lita ngapi kati ya sevisi na sevisi, na umtazame usoni anapojibu. Injini ya IST, 1NZ-FE, hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zangu za kuifuata. Gari la mkanda, kama halina uthibitisho kwamba umebadilishwa ndani ya kilomita 100,000, weka bei ya mkanda mpya kwenye hesabu yako tangu siku ya kwanza.

Sasa ndipo liwashwe, na usiliwashe wewe. Fundi akae kwenye usukani, wewe simama nyuma ya eksozi. Tazama kwanza dashibodi anapozungusha ufunguo kabla ya kupiga stata: taa ya cheki injini lazima iwake, kisha injini ikishawaka izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa. Tazama na saa ndogo ya redio. Ikisoma 1:00 wakati ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, betri ilichomolewa hivi karibuni, na kuchomoa betri ni njia ya haraka ya kufuta taarifa za hitilafu ili mashine ya fundi isione kitu.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi. Moshi mweupe watu hukwambia ni umande wa asubuhi. Njombe au Makete ningekubali. Dar es Salaam, ambako asubuhi yenyewe unatoka jasho ukiwa umesimama, mvuke mweupe unaoendelea zaidi ya dakika moja au mbili, wenye harufu tamu, ni maji yanayoungua ndani ya injini. Na sikiliza. Nina sikio lililozoea kutafuta mapigo ya mtoto tumboni katikati ya kelele za wodi, na nilimshangaza fundi kwa kusikia mlio ule ule aliousikia: kama sekunde moja ya cheni kugonga, kisha kimya. Akasema kwa injini ya umri ule sekunde moja ni sawa, ila ingeendelea tungeondoka. Likiwa linaunguruma, akafungua kifuniko cha oili akaweka kiganja juu. Injini iliyochoka kwenye pistoni hupuliza hapo kwa nguvu na moshi, mafundi husema inapumua. Ile haikupumua.

Bodi sitaizungumzia sana, maana hilo ndilo watu huangalia peke yake. Sumaku ndogo ya friji, ifunge kitambaa, ipitishe kwenye milango na kingo za matairi. Isipoganda hapo kuna puti, ile lipu ya kuzibia bodi, na palipo na puti paligongwa au pameoza. Tazama alama za kiwanda kwenye kona za vioo: kimoja kikitofautiana na vingine, uliza kilivunjikaje. Raba ya pedali ya breki, kitambaa cha ubavu wa kiti cha dereva, usukani ulivyosuguliwa, hivi husema kilomita bila kusema uongo. Pedali iliyoisha hadi chuma kwenye gari la kilomita 78,000, mwenzangu alinyamaza kidogo nilipomwambia hilo, kisha akaifungua tena picha ya tatu akaikuza.

Ila mafuriko lazima niyaseme. Kila msimu wa masika bonde la Msimbazi linajaa, Jangwani panafungwa, na magari yanazama hadi dirishani mbele ya macho yetu. Magari yale hayapotei. Yanakaushwa, yanapulizwa manukato, yanauzwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, mita yote, utazame sehemu ambayo kwa kawaida haitoki. Matope yakiingia humo hayaoshwi, huacha mstari. Kwenye mkanda huo huo kuna lebo yenye mwaka wa kutengenezwa, ilinganishe na mwaka wa gari. Inua zulia la miguuni uguse chini, inua tairi la akiba utazame shimo lake, angalia misumari inayoshika reli za viti kama ina kutu. Gari lililozama linaweza kwenda vizuri miezi sita, halafu nyaya zake zianze kuoza moja moja, na hakuna fundi wa umeme atakayelimaliza.

Kulijaribu barabarani kulituchukua saa nzima na nusu, na mzee alikubali kwa kuwa mafuta niliweka mimi. Kwanza, limesimama, mguu kwenye breki, ingiza gia ya nyuma kisha D. Gia boksi ya otomatiki yenye afya huitika mara moja kwa mguso mdogo. Ikikawia sekunde mbili tatu kisha ikagutuka, bei yake ni karibu ya injini. Kisha tukaenda Pugu, kwa kuwa jiji letu ni tambarare na gari haliwezi kusema ukweli kwenye tambarare. Kule kwenye mpando fundi alikanyaga, tukasikiliza kama gia inateleza, injini inalia bila mwendo kuongezeka. Wa upande wa Bagamoyo Road wanaweza kulipeleka Goba au Makongo Juu. Kwenye uwanja tukakata kona kali usukani ukiwa mwisho, kulia na kushoto: tak-tak-tak ni jointi za mbele. Kulikuwa na mvumo wa beringi tairi la nyuma kulia, na bushi za mbele ziligonga kwenye kila tuta. Nikaandika.

Mwisho, na hili fundi ndiye aliyeling'ang'ania, tukaliingiza kwenye foleni ya kuelekea TAZARA saa mbili asubuhi, AC ikiwa imewashwa, tukakaa humo dakika arobaini. Likiwa mbioni upepo hupoza rejeta bure. Kwenye foleni ni feni na pampu ya maji peke yake, na ndipo gari la Dar linapoishi. Joto halikusogea. Gari langu la kwanza lisingemaliza dakika kumi pale. Na kuhusu themostati: ukiona injini inachelewa mno kupata joto, au joto linashuka ukishika mwendo, mara nyingi imeng'olewa. Mafundi wengi mjini huing'oa wakisema nchi ya joto haiihitaji. Inahitajika. Kuing'oa ni kuficha homa kwa kumwagia mgonjwa maji.

Makaratasi tuliyafanya siku hiyo hiyo mchana. Namba ya chasisi ilisomwa pale ilipogongwa, kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, tarakimu moja moja, fundi akisoma nami nikifuata kwenye kadi. Kadi iwe halisi, si kopi. Ukiambiwa kadi iko kwa ndugu, au iko ofisini, ujue inaweza kuwa imewekwa rehani kwa wakopeshaji, na gari utakalolipa wewe watakuja kulichukua wao. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyekaa mbele yako na kitambulisho chake. Kwa namba ya gari tu unaweza kuangalia mtandaoni faini za trafiki na madeni ya maegesho, na angalia kabla ya kulipa, kwa sababu ukilimiliki gari deni litakuwa linakusumbua wewe barabarani. Mkataba tuliandikiana kwa mwanasheria, na hatukuachana mpaka tulipokubaliana siku ya kwenda TRA kuhamisha umiliki.

Mzee alitaka milioni 8.2. Nilimsomea niliyoandika: beringi, bushi, shokapu za mbele zimelainika, matairi mawili yana tarakimu nne za 1316, yaani yametengenezwa wiki ya 13 ya mwaka 2016, yana nyufa hata kama meno yapo. Hakubisha hata moja. Akapunguza hadi 7.8. Laki nane nilikuwa nimezitenga pembeni tangu mwanzo, sikuzihesabu kama fedha ya kununulia, na mwezi wa kwanza zote zilikwenda kwenye vitu hivyo, oili zote na rejeta kusafishwa. Daftari alinipa. Naendelea kuandika humo, kurasa za mwisho mwisho sasa, na saa inasoma 291,000 na ushee.

Mwenzangu hakutuma advansi. Alimpigia dalali palepale kwenye benchi, akamwambia Jumamosi tutafika watatu, saa kumi na mbili na nusu, na gari lisiwashwe. Dalali akasema atamuuliza mwenye gari. Mpaka naandika hapa bado hajarudisha jibu.